Tusione Haya Kuichangia Shule ya Uchuaji

Kadi ya harambee ilipopitishwa katika chumba cha wahadhiri mwezi uliopita, ikiomba mchango wa kukijenga chuo kidogo kinachofunza uchuaji wa mwili kwa ajili ya tiba, ilimrudia mwenyewe ikiwa karibu tupu. Wenzangu si mabahili. Juma lilo hilo walikuwa wamechangia matanga mawili na karo ya mtoto wa mpishi wetu. Kilichowazuia ni neno. Mmoja wao aliisoma kadi, akauliza kwa sauti kama siku hizi tunaombwa kuchangia madanguro. Wengine wakacheka, na kadi ikasonga mbele.

Maadamu maneno ndiyo kazi yangu, naomba nianzie hapo. Neno "masaji" tumelipata kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa. Juu ya asili yake ya mbali wataalamu hawajaafikiana: wako wanaolihusisha na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kugusa, na wako wanaolihusisha na kile cha Kireno chenye maana ya kukanda unga. Rai hii ya pili yapaswa kutuvutia sisi, kwani Kiswahili nacho hutumia kitenzi kimoja, kukanda, kwa unga wa mkate na kwa mgongo wa mgonjwa.

Kabla ya "masaji" kufika, lugha yetu ilikuwa na msamiati mpana wa kazi hii. Kuchua ni kusugua kwa nguvu pahali penye maumivu, aghalabu kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Kukanda ni kuminya kwa viganja, na pia ni kumtuliza mtu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kama anavyofanyiwa mzazi wa Pwani katika siku zake arobaini. Kusinga ni kupaka na kusugua kwa liwa na manukato, na bibi arusi analijua hilo vizuri zaidi kuliko mimi. Tena kuna kupapasa, kubinya na kunyoosha viungo. Lugha haitengi maneno mengi namna hii kwa jambo ambalo wasemaji wake wanalidharau. Aliyeitwa mkandaji alikuwa mtu wa kuheshimiwa, akialikwa nyumbani mchana kweupe. Aibu imekuja na neno geni, lililobandikwa kwenye vibao vya vichochoro vya Nairobi na Mombasa kuficha biashara nyingine kabisa.

Hali hiyo haikuanza kwetu. Mnamo 1894 jarida la British Medical Journal lilifichua kwamba nyumba kadhaa za uchuaji mjini London zilikuwa madanguro yenye jina la heshima. Wauguzi wanne wa kike, waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa uaminifu, wangeweza kuiacha ili kunusuru majina yao. Badala yake waliunda chama mwaka uo huo, wakaanzisha mitihani, na wakajiwekea masharti makali: mwanachama asimchue mgonjwa bila maagizo ya daktari, wala asijitangaze katika magazeti ya kawaida. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwaka 1914, na majeruhi wakarudi kwa maelfu wakiwa na viungo vilivyokakamaa, jeshi liliwahitaji wachuaji hao. Mnamo 1920 chama chao kilipewa hati ya kifalme. Mnamo 1944 kilichukua jina la chama cha wataalamu wa tiba ya viungo, na ndicho kilichopo Uingereza hadi leo. Taaluma ambayo Bunge letu liliitungia sheria mwaka 2014, na kuiundia baraza lake, ina mizizi katika uamuzi wa wanawake wale wanne. Wao hawakuisafisha kazi yao kwa kuikimbia, bali kwa kuifunza na kuitahini.

Nadhani sasa msomaji anaona kwa nini nasema kicheko cha wenzangu kilikuwa kimeelekezwa pasipostahili. Maadamu tunachukizwa na vichochoro vile, basi shule ndiyo adui wao mkubwa. Penye mtaala, mtihani, cheti na leseni, tapeli hupata shida ya kujificha.

Kuna sababu nyingine ya kutaka shule, nayo ni usalama. Mikono isiyofunzwa yaweza kuua. Mguu uliovimba kwa sababu ya damu iliyoganda ndani ya mshipa ukichuliwa kwa nguvu, tonge lile la damu laweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Mfupa uliovunjika ukinyooshwa na asiyejua, kilema cha maisha hupatikana kwa dakika mbili. Katika kukusanya msamiati wa wakunga wa Pwani nimewahi kukutana na akina bibi ambao vidole vyao vina elimu kuliko vitabu vyangu, lakini elimu hiyo haina wa kuirithi, na wale vijana wanaojaribu kuiiga huiiga nusunusu. Shule njema humfunza mwanafunzi kwanza wakati wa kutomgusa mgonjwa, na kumpeleka hospitali.

Wala sitaki kuahidi miujiza. Uchuaji hauponyi saratani wala kisukari, na shule inayodai hivyo isipewe hata ndururu. Lakini kwa maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni, chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza katika mwongozo wake wa 2017 kwamba joto na uchuaji vijaribiwe kabla ya vidonge. Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao tangu saa mbili asubuhi, kisha akainamia madaftari sitini usiku, hahitaji kuelezwa umuhimu wa jambo hilo.

Wenye shule hizi hupenda kusema kwamba wanamtibu mtu mzima, yaani mwili pamoja na fikira na hisia zake. Wako wanaoona kwamba hayo ni maneno ya kigeni ya watu wasio na kazi. Mimi nayaona ni Kiswahili safi. Tunapoamkiana "U mzima?" tunauliza kwa neno moja kama mtu ana afya na kama amekamilika, hakupungua mahali. Waingereza nao, neno lao la afya limetoka shina moja na neno lao la ukamilifu, ingawa wengi wao wamesahau.

Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya nitie sahihi kwenye kadi ile. Chuo chenyewe kinataka kuwapokea wanafunzi wasioona. Japani imelifanya jambo hili kwa zaidi ya miaka 300. Sugiyama Waichi, aliyezaliwa mwaka 1610 na kupofuka utotoni, alibuni kijibomba cha kuelekezea sindano za tiba ambacho bado kinatumika, akamtibu mtawala Tokugawa Tsunayoshi, na katika miaka ya 1680 akafungua shule ya kuwafunza wasioona kazi ya sindano na uchuaji. Hata leo shule za wasioona nchini humo hufunza kazi hiyo, na wahitimu hufanya mtihani wa taifa. Sheria ya Japani imeruhusu tangu 1964 kuzuiwa kwa shule mpya za wachuaji wanaoona, ili riziki ya wasioona isimezwe. Sharti hilo lilipopingwa mahakamani, Mahakama ya Juu ililiunga mkono mwaka 2022.

Sisemi tuinakili sheria hiyo. Nasema tutazame maana yake. Hapa ni kazi ambayo ndani yake asiyeona haonewi huruma, kwani chombo cha kazi ni vidole, na vidole vyake vimezoea kusoma. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 330,000 wenye matatizo ya kuona. Shule ya wasioona ya Thika imekuwako tangu 1946. Tumewafunza watoto hawa nukta za Breili, tukawapigia makofi wanapofaulu, kisha wengi wao hurudi nyumbani kukaa. Mwalimu yeyote wa shule maalumu anaijua simanzi hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba kuna watoto wasio na madawati, na kwamba fedha ni chache. Ni kweli. Lakini wazee wetu hawakungoja kila dawati lipatikane ndipo wafikirie vyuo. Katika miaka ya 1970, wakati umaskini ulikuwa mkubwa kuliko sasa, wananchi wa Nyeri na Kakamega walichangia vyuo vya ufundi. Kile cha Nyeri sasa ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi; cha Kakamega ni Masinde Muliro. Nao walikuwako watu waliocheka. Tena shule ya uchuaji haina gharama kubwa: vitanda imara, mashuka, mafuta, kiunzi cha mifupa cha kufundishia, vitabu vya Breili, na mshahara wa mwalimu aijuaye anatomia. Haihitaji mashine hata moja ya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Anayechanga ana haki ya kuuliza. Aulize kama chuo kimesajiliwa na mamlaka ya elimu ya ufundi, walimu wake walisomea wapi, hesabu zake hukaguliwa na nani, na mgonjwa anayekataa kuguswa mahali fulani hulindwa vipi. Chuo kinachokasirikia maswali hayo kisipewe kitu. Kile cha kadi yetu kilinijibu yote kwa barua ya kurasa nne.

Asiye na fedha ana njia nyingine. Mwalimu wa Biolojia aweza kutoa Jumamosi moja kwa mwezi akafunze misuli na mishipa. Wanafunzi wa sekondari waweza kuwasomea wenzao wasioona vitabu na kuvirekodi. Kwa upande wangu nimeahidi kukiandalia chuo orodha ya maneno ya viungo na ya namna za kugusa, kwa Kiswahili, ili mwanafunzi asilazimike kuujua mwili wake kwa lugha ya kuazima. Anayejua maneno ya kwao, ya Kibajuni, Kimvita au Kivumba, aniletee chuoni. Orodha itafungwa mwisho wa muhula huu.