Kundi lisilowahi kukutana

Stadi laini ni uwezo wa kueleza jambo likaeleweka, kusikiliza, kufanya kazi na watu usiowachagua, kupokea karipio bila kununa na kukiri kosa kabla hasara haijakua. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, haizionyeshi, lakini mara nyingi ndizo zinazoamua nani apite usaili na nani abaki kazini baada ya muda wa majaribio.

Wiki hii, katika usaili wa ofisi moja jijini Dar es Salaam, mhitimu mwenye daraja la kwanza aliulizwa jinsi kundi lake chuoni lilivyosuluhisha ugomvi. Alifikiri, kisha akajibu kwamba kundi halikuwahi kugombana kwa sababu halikuwahi kukutana. Yeye aliandika kazi yote, wenzake wakatuma majina na namba za usajili kwa WhatsApp, mhadhiri akawapa wote alama sawa. Hakuwa akijisifu wala kulalamika. Alidhani ndivyo kazi za makundi zinavyofanywa. Jopo likamkata kwa kutojua kushirikiana. Kijana huyo ameonewa, tena kwanza na chuo, kilichompa alama za ushirikiano ambao haukuwepo.

Chanzo ni ukumbi wenye mamia ya wanafunzi na mhadhiri mmoja. Hapo kundi linaundwa ili karatasi za kusahihisha zipungue, basi. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa matokeo ya utafiti: asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuwa tayari kwa soko la ajira, Uganda asilimia 63, Kenya 51. Jibu la vyuo vingi limekuwa semina ya siku moja kuhusu kujiamini, karibu na mahafali. Semina haimfundishi mtu kuvumiliana na mwenzake anayechelewesha kazi.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ingefundisha. Badala yake, mwanafunzi hutumwa kutoa fotokopi, na fomu yake ya tathmini hujazwa siku ya kuondoka na msimamizi asiyejua anaandika nini kuhusu ushirikiano wake. Waajiri wanaolalamika juu ya wahitimu ndio hao hao wenye fomu hizo mezani.

Tanzania iliwahi kulichukulia kwa uzito suala la kujifunza kufanya kazi na watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, na kuingia chuo kikuu kukategemea pia maoni ya waliofanya nao kazi kuhusu tabia na bidii yao. Utaratibu huo ulikuwa na ugumu wake, ukalegezwa baadaye, lakini aliyeingia darasani alikuwa ameshapokea amri na kugombana na watu wazima.

Stadi laini nazo hubebeshwa lawama ya lugha. Msailiwa anayeulizwa kwa Kiingereza hubabaika, na jopo huandika kwamba hajiamini. Mtu huyo huyo, kwa Kiswahili, humtuliza mteja mwenye hasira dukani kwa mama yake. Jopo linalotafuta mtu wa kuhudumia wateja wa Mbagala au Tandika limpime kwa lugha atakayowahudumia.

Kwa vyuo, hatua ya kwanza haihitaji bajeti: kila mwanakundi aitwe aeleze kwa mdomo sehemu aliyoifanya, na asiyeweza asipewe alama.