Ukulele kwa Mtoto: Tuchague kwa Sikio, Si kwa Rangi



Fedha za ufuta zinapotoka mnadani, sisi wa Matambarale, na wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa, tunajua zina wenyewe wengi: ada, sare, bati la nyumba, na chakula cha kutufikisha kwenye msimu wa korosho. Mtoto akiomba gitaa wakati huo, wengi wetu humjibu, "Subiri, mwanangu."

Lakini kipo chombo kidogo ambacho mama anaweza kukipangia: ukulele. Tunakizungumzia mwezi huu kwa sababu watoto wengi huacha muziki wakiamini hawana kipaji, kumbe chombo walichonunuliwa ndicho kibovu. Hapo fedha imepotea na mtoto amevunjika moyo. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa zaidi.

UKULELE NI NINI?

Ni ndugu mdogo wa gitaa, mwenye nyuzi nne badala ya sita. Asili yake ni kisiwa cha Madeira cha Ureno. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Honolulu, Hawaii, wahamiaji waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi waliojua kutengeneza vigitaa vya kwao. Wenyeji wakavipenda, wakavipa jina ambalo wengi hulitafsiri "kiroboto arukaye".

Kwa mtoto faida yake ni kwamba shingo yake ni nyembamba, na nyuzi zake za nailoni ni laini kuliko za chuma. Hata hivyo, ncha za vidole zitauma siku za mwanzo. Hilo ni la kawaida, kwani ngozi hukomaa yenyewe. Robo saa kwa siku inatosha. Akipata lengelenge tusilitumbue. Apumzike hadi lipone. Kucha za mkono unaobonyeza nyuzi ziwe fupi.

UKUBWA GANI?

Majina yake yatatukumbusha sauti za kwaya. Soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi, nayo inamfaa mtoto mdogo. Konsati ina 58, tenori 66, na baritoni 76. Baritoni hutyuniwa kama gitaa, kwa hiyo anayeanza aiache kwanza. Kama nyumba itakuwa na ukulele moja tu, tunashauri konsati: mtoto wa miaka tisa ataimudu, na mama naye hataona vidole vyake vinabanana.

TUIPIME KABLA YA KULIPA

Ukulele nyekundu yenye maua huvutia, lakini rangi haiimbi. Tufanye hivi:

1. Tuitazame. Shingo isiwe imepinda. Kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi tumboni kisiwe kimeanza kubanduka. Tupitishe kidole pembeni mwa shingo. Vyuma vidogo vinavyoikata shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, visichome.

2. Tubonyeze. Mtu mzima akilazimika kukaza mkono ili uzi uguse shingo, mtoto atashindwa. Kwenye freti ya 12, nafasi iliyo chini ya uzi isizidi sana milimita 3.

3. Tusikilize. Tupige kila uzi kwenye kila freti. Sauti ikikwaruza mahali fulani, tuombe nyingine.

4. Tupime sauti. Hapa wanakwaya tuna bahati. Tukiushika ufunguo wa C, nyuzi nne, kuanzia ule wa juu kabisa chombo kikiwa mkononi, huimba so, do, mi, la. Kwa kawaida hiyo so iko juu ya mi, si chini ya do, kwa hiyo tusidhani imekosewa. Sasa tupige uzi wa do ukiwa wazi, kisha tuubonyeze kwenye freti ya 12. Lazima tusikie do ileile, ya juu yake. Ikipanda au ikishuka, chombo hicho hakitaimba sawasawa hata kwa fundi hodari.

5. Tukaze skrubu. Zizunguke taratibu na kubaki pale tulipoziacha. Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa, kwa hiyo kutyuni mara kwa mara mwanzoni si dalili ya ubovu.

UKIAGIZA KWA MTU

Wengi wetu tutamwagiza ndugu anayekwenda Dar es Salaam. Tumwandikie mambo hayo matano kwenye karatasi. Kama hajui kuimba, atupigie simu akiwa dukani, apige nyuzi tusikilize. Aombe risiti, aulize kama chombo kibovu hurudishwa, na anunue seti moja ya nyuzi za akiba za ukulele. Nyuzi za chuma za gitaa zisifungwe kamwe, kwani huvuta kwa nguvu nyingi na zinaweza kung'oa kile kipande cha tumboni.

Mbao za tabaka zilizogandishwa pamoja zisidharauliwe. Huvumilia joto letu na masika kuliko ubao mmoja mzima, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Nyumbani tuihifadhi ndani ya mfuko wake, mbali na jiko na jua, wala isiegemezwe ukutani ambako mtoto mdogo ataivuta.

Kama fedha haitoshi msimu huu, tusinunue mwanasesere wa plastiki wenye umbo la ukulele ili kumnyamazisha mtoto. Ni afadhali mama watatu wachange wanunue moja nzuri, watoto wao wapokezane baada ya Shule ya Jumapili. Mtoto anayesubiri zamu yake bado ana hamu ya kujifunza. Aliyekata tamaa ni vigumu kumrudisha.

Tukutane tena mwezi ujao.