Breki Hazingoji Mavuno

Wakulima wenzangu, mwaka jana nilikuwa nateremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, mikebe ya maziwa nyuma na wanangu wawili kando yangu. Nilipokanyaga breki, pikapu ilivuta upande hadi ukingoni. Kosa lilikuwa langu: nilibadili pedi za gurudumu moja tu ili niokoe shilingi. Pedi hubadilishwa magurudumu mawili ya mbele pamoja, au mawili ya nyuma pamoja. Zikibaki unene wa milimita 3, au chuma kikilia, mwite fundi. Pedeli ikizama, usiendeshe kabisa. Twakagua chuchu za ng'ombe kila asubuhi. Mbona breki twazisahau? Shilingi hutafutwa tena, mtoto hatafutwi.