Makelele Gani Haya?



Huku kwetu Bijombo, na chini Uvira kandokando ya ziwa, twasikia mashtaka juu ya vijana wetu. Si mashtaka ya wizi wala ya ulevi. Wanashtakiwa kwa kusikiliza gitaa. Wanatia kadi ndogo katika simu, wanaunga simu na bafle, na kinachotoka ni magitaa ya umeme yanayonguruma robo saa nzima, pasipo mtu kuimba hata neno moja. Wazee wanatikisa kichwa. Wakubwa wa kwaya wanasema huo si wimbo. Tena wako waliokwisha kunena kwamba kadi hizo zikusanywe na kutiwa motoni, na kijana anayezishika aondolewe katika kwaya.

Sisi twasema: sivyo. Twasema waziwazi, kwa kuwa jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika milima hii, ambako vijiji vingi vimechomwa tangu mapigano ya mwaka 2018 na 2019, haifai mtu mzima kuwasha moto mwingine kwa ajili ya kitu ambacho hajakisikiliza. Na kijana afukuzwaye kwaya kwa aibu hakai bure. Wako wanaomngoja porini wakiwa na bunduki, nao hawamwulizi apenda muziki gani. Mkubwa wa kwaya afikiri vema kabla ya kumfungulia mlango wa kutokea.

Kwanza tujue twasema juu ya kitu gani. Gitaa la umeme lina nyuzi za chuma, na chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitetemeka, umeme kidogo hutetemeka katika waya. Mashine huukuza, na bafle huugeuza kuwa sauti. Mashine ikipewa kazi kupita nguvu zake, sauti hupasuka na kukwaruza. Tena mpigaji akilisogeza gitaa karibu na bafle yake, sauti itokayo huzitikisa nyuzi upya, nyuzi huilisha bafle upya, na mlio huendelea kuzunguka pasipo mkono kugusa kitu. Wapigaji wengi huyakimbia mambo hayo mawili. Wengine wameyafanya kuwa shamba lao la kulima.

Kundi moja lijulikanalo sana kwa kazi hiyo ni Sonic Youth, lililoanza New York, Marekani, mwaka 1981 na kuacha kazi mwaka 2011. Watu hao walikaza na kulegeza nyuzi kwa namna zao wenyewe, na pengine waliingiza bisibisi au fimbo ya ngoma chini ya nyuzi ili zitoe mlio usiotazamiwa. Mwaka 1997 walianza kutoa wenyewe sahani za vipande virefu vya kujaribu, vingi visivyo na maneno. Na mwaka 2022, kundi likiwa limekwisha kuvunjika, ilitoka sahani iitwayo In/Out/In, yenye vipande vitano vilivyopigwa kati ya miaka 2000 na 2010, karibu vyote ni magitaa na ngoma tu. Basi kitu kinachoshtakiwa ni hicho na vingine vinavyofanana nacho.

Mashtaka ni matatu. Tuyatazame moja moja.

La kwanza wasema: hayo ni makelele, si muziki. Twawajibu: chukueni likembe, chombo cha babu zetu katika sehemu nyingi za Kongo. Mkiitazama vizuri mtaona mara nyingi kwamba fundi amezungusha vipete vidogo vya chuma katika zile ndimi zinazopigwa kwa vidole gumba. Vya kazi gani? Ni vya kukwaruza. Angeviacha, sauti ingekuwa safi kama maji ya chemchemi. Lakini babu aliona kwamba sauti safi peke yake ni kama mboga isiyo na chumvi. Mkwaruzo ule hakuutia kwa bahati mbaya; aliutaka, akaufanyia kazi.

Tena tazameni Kinshasa. Huko Mingiedi Mawangu, mpiga likembe, aliunda katika miaka ya 1960 kundi la Konono No. 1. Mji ulikuwa umejaa kelele, na likembe haikusikika. Basi yeye na wenzake walitengeneza mikro kwa sumaku zilizotolewa katika vyuma vikuukuu vya magari, wakazifunga katika likembe, wakapeleka sauti kwenye vipaza sauti vikubwa. Sauti ikatoka imepasuka. Je, waliitupa? Hata! Waliipokea, wakaifanya kuwa alama yao. Mwaka 2004 sahani yao Congotronics ilitolewa huko Ulaya, na wapenzi wa magitaa ya makelele walistaajabu kuona kwamba Wakongo wamefika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe, pasipo kufundishwa na mtu. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015. Anayesema sauti iliyopasuka ni uharibifu tu, amwambie kwanza mzee huyo.

Twaongeza neno kwa wazee wetu. Wengi wao hulainika moyo wakisikia gitaa la Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Leo tunamwita fundi, na kweli alikuwa fundi. Lakini katika siku zile gitaa lenyewe lilihesabiwa na watu wengi kuwa chombo cha baa na cha wavivu. Wangekuwa wamekusanya magitaa yale na kuyachoma, leo wazee wangesikiliza nini?

Hata Kanisa limepita njia hiyo. Mwaka 1903 Papa Pius X aliandika amri juu ya muziki mtakatifu, akakataza piano kanisani, na pamoja nayo vyombo vya kelele kama ngoma na matoazi. Alikuwa akiilinda sala, naye aliamua kwa masikio ya mahali pake na ya wakati wake. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Na leo Jumapili isiyo na ngoma twaiona kama arusi isiyo na chakula. Ngoma ni ile ile. Sikio ndilo lililojifunza. Mara nyingi neno "makelele" latuonyesha hali ya sikio kuliko hali ya chombo. Wala hatuombi magitaa hayo yaletwe kwenye Misa. Kila kitu na mahali pake. Twaomba tu yasihukumiwe uani kwa kosa ambalo ngoma ilikwisha kusamehewa hata altareni.

La pili wasema: muziki huo hauna maneno, basi haufundishi kitu. Shtaka hili laonekana kuwa la hekima, nasi twaliona kuwa ndilo dhaifu kuliko yote. Ni nani aliyetuambia kwamba maneno katika wimbo ni mazuri daima? Kumbukeni Simon Bikindi wa Rwanda. Alikuwa mwimbaji hodari, nyimbo zake zilipendwa, maneno yake yalieleweka na kila mtu. Nyimbo hizo zilipigwa katika redio wakati watu walipokuwa wakiuawa mwaka 1994. Mwezi wa Desemba 2008 mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu miaka 15 kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatamka njiani kwa kipaza sauti. Na majaji waliona pia kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa kwa nia ya kueneza chuki ya kabila. Sauti ilikuwa safi, hapakuwa na mkwaruzo, na mafundisho yalikuwamo tele. Lakini yalikuwa mafundisho gani?

Tusiangalie Rwanda peke yake, kana kwamba sisi ni malaika. Katika milima hii tunakaa Wavira, Wafuliiru, Wanyindu, Wabembe na Wanyamulenge. Kila watu wana lugha na nyimbo zao, na nyingi ni nzuri sana. Lakini sote twajua kwamba zimo nyimbo zinazotaja jina la jirani, wala si kwa kumsifu. Nyimbo hizo zaimbwa kwa sauti tamu, wakati mwingine na watu wale wale wanaolaani gitaa. Basi twauliza: mbona hakuna anayesema kadi za nyimbo hizo zikusanywe? Gitaa lisilo na maneno halikumwita mtu mgeni. Halikusema ng'ombe ni wa nani wala mlima ni wa nani. Hatudai kwamba litaleta amani, kwa maana amani ni kazi ya watu. Lakini halikumtukana mtu, na vijana wa lugha tano waweza kukaa mbele ya bafle moja pasipo mmoja kuinamisha kichwa kwa uchungu. Katika Bijombo jambo hilo lina thamani yake.

Tena si kweli kwamba pasipo maneno hapana maana. Mchungaji apulizaye filimbi jioni katika ukungu asema nini? Hasemi neno, nasi twajua kama ana furaha au huzuni. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, akifafanua Zaburi, aliwataja watu wanaoimba wakiwa katika mavuno au kazi nyingine nzito. Alisema huanza kwa maneno, na furaha inapozidi maneno huyaacha, wakatoa sauti tupu. Naye aliona kwamba sauti hiyo yamfaa Mungu, ambaye maneno hayamtoshi. Kama ni hivyo kwa furaha, yaweza kuwa hivyo kwa msiba pia. Wako vijana hapa waliopoteza mengi hata hawana maneno ya kuyasimulia. Wakipata sauti inayonguruma kwa niaba yao, tusiwanyang'anye.

La tatu wasema: hayo ni mambo ya Wazungu. Ajabu! Shtaka hili latolewa na mtu aliyeshika simu, aliyevaa koti, na ambaye kwaya yake yapiga kinanda cha umeme. Tukitupa kila kitu kilichotoka mbali, na tuanze na mihogo na mahindi, ambayo asili yake ni Amerika, tuone jioni tutakula nini. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuulize kama kitu chatufaa au chatudhuru. Kilikotoka ni habari nyingine. Na juu ya sauti iliyopasuka, tumekwisha kuonyesha kwamba Kinshasa haikuikopa New York.

Sasa liko neno moja ambalo twalisikia kwa heshima. Wako mama na wazee wanaosema: sisi tumechoka na kelele, tumesikia risasi usiku, tumekimbia na watoto mgongoni, kwa nini mtuletee ngurumo nyingine? Neno hilo ni la kweli, na kijana asiyelitii hana adabu. Kwa hiyo twawaambia vijana: msipige karibu na nyumba ya mgonjwa, wala ya mfiwa, wala usiku watu wanapolala. Msimlazimishe mtu kusikia. Yalindeni na masikio yenu, maana sikio lililoharibiwa kwa sauti kubwa haliponi. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kupita saa 40 kwa juma, na sauti ikizidi, saa zipungue sana. Lakini ngurumo ya bunduki na ngurumo ya gitaa si ndugu. Bunduki hairuhusu mtu kukaa na kusikiliza, yaamuru kukimbia. Gitaa mtu hulifungua mwenyewe, na akitaka hulizima kwa kidole. Katika nchi ambako kelele zilituangukia pasipo kuulizwa, kuwa na kelele ambayo mwenyewe waweza kuizima si jambo la kudharauliwa.

Basi, ninyi wakubwa, twawaomba kitu kimoja kabla ya hukumu: sikilizeni. Si kupita mlangoni mkiziba masikio. Keti dakika kumi. Usingoje maneno, kwa maana hayaji. Fuata uzi mmoja tu, kama unavyomfuata ng'ombe mmoja katika kundi: uone unapoanza, unapopotea katika vumbi la wengine, unapotokea tena. Kisha usikilize ngoma, jinsi inavyozuia yote yasimwagike. Kisha usikilize ule mlio uzungukao wenyewe, uone kama haukukumbushi upepo wa kiangazi unaopita kilele cha mlima. Dakika kumi zikiisha, na usipoupenda, sema hukuupenda. Hilo ni haki yako, wala hakuna atakayekulaumu. Lakini kutokupenda si sababu ya kuchoma mali ya mtu, wala ya kumfukuza mtoto wa mwenzako.

Wazee husema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwaya ya kesho yazaliwa leo, nasi hatujui mikono ya nani itaipiga ngoma yake wala gitaa lake. Mikono ile inayoshika kadi hizi ndogo ndiyo tuliyo nayo. Mkubwa wa kwaya anayeichagulia kazi leo ajue kwamba iko kazi nyingine inayoitafuta mikono hiyo hiyo, na malipo yake twayajua.