Kabla ya kumtundikia mtoto gunia la ngumi

Mzazi husikia kwanza, kisha ndipo anaona. Jioni, nyuma ya nyumba, kitu kizito kinapigwa, kinanyamaza, kinapigwa tena. Akichungulia anakuta salfeti ya mchele imejazwa mchanga na kuning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na mbele yake kijana wa miaka 13 au 14, mikono mitupu, vifundo vya vidole vimechubuka. Akiulizwa anajibu kwamba anakomaza mikono. Wiki inayofuata anakutwa kitandani akijiviringishia chupa ya soda kwenye ugoko kwa nguvu, maana ameona kwenye simu kwamba ndivyo wapiganaji wa Thailand wanavyofanya.

Nyumba nyingi hapo hugawanyika. Baba anacheka na kusema mwacheni awe mwanaume, mama anataka gunia lishushwe leo leo. Baba ana haki kwa kuwa gunia lenyewe si adui. Mama naye ana haki zaidi kidogo, kwa sababu namna linavyotumika ndiyo inayovunja watu.

Mfupa kweli hukomaa kwa kazi. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1892: mfupa unaobebeshwa mzigo hujijenga kuufuata mzigo huo. Lakini kujijenga huko kunachukua miezi na miaka, na kunatokea wakati wa mapumziko. Anayepiga kila siku mpaka panauma hajengi kitu, anabomoa haraka kuliko mwili unavyoweza kuziba. Kinachobadilika upesi ni ngozi, inayofanya sugu, na ule uzoevu wa maumivu. Kijana anaposema "sasa siumii", mara nyingi amezoea tu kuumia, na mfupa wake uko vilevile kama mwezi uliopita.

Kwa mtoto kuna jambo lingine ambalo mtu mzima hana. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu, pamoja na ile midogo ya kiganja na vidole, kuna tabaka la gegedu ambapo mfupa unarefukia. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Kwa wasichana wengi hufunga kati ya miaka 13 na 16, kwa wavulana hukawia mpaka 15 hadi 18, na watoto hawalingani. Likiumia vibaya, mfupa unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi.

Chupa kwenye ugoko haina utetezi wowote. Mbele ya ugoko hakuna nyama. Chini ya ngozi kuna utando mwembamba uliojaa mishipa ya fahamu, kisha mfupa. Chupa inausugua utando huo mpaka unavimba, basi.

Video zinazowavutia vijana zina siri ambayo mzazi wa Bukoba au Mbeya angeigundua mara moja kama angeangalia na mwanawe. Buakaw Banchamek, bingwa wa Muay Thai, amerekodiwa akiupiga mti kwa mateke mpaka unaanguka. Mti wenyewe ni mgomba! Kila aliyewahi kukata ndizi anajua shina la mgomba ni maji na nyuzi, panga moja linatosha. Wapiganaji wa kule hukomaza ugoko kwa mateke maelfu kwenye gunia na kwenye pedi anazoshika mwalimu, kwa miaka, na wanapojaribiana wao kwa wao huvaa kinga za ugoko. Ni hivyohivyo kwa makiwara, nguzo ya karate iliyotoka Okinawa. Ile ya asili ni ubao uliochimbiwa ardhini, unaopungua unene kuelekea juu, na umefungwa kamba ya majani ya mpunga. Ukipigwa, unarudi nyuma. Ukuta wa tofali haurudi nyuma, wala mwembe.

Salfeti ya mchanga nayo hairudi. Mchanga hushuka na kushikana, na baada ya wiki mbili chini pamekuwa jiwe, hapohapo teke linapotua. Tena ni mzito: salfeti ya mchele ya kilo 50 ikijazwa mchanga huzidi kilo 80, na tawi likikatika anayeangukiwa ni mtoto, pengine yule mdogo aliyekuja kutazama. Gunia zuri hujazwa matambara na nguo zilizochakaa, zikishindiliwa tabaka kwa tabaka. Kama ni jepesi mno, mfuko mdogo wa mchanga huwekwa katikati, ukizungukwa na nguo pande zote. Uzito wa karibu nusu ya uzito wa mpigaji unatosha. Ngumi ikitua, gunia linapaswa kubonyea kidogo.

Mikono ifungwe bandeji kabla ya glavu, kila siku, hata kama ni dakika 10 tu. Kiganja, vidole na kifundo cha mkono vina mifupa 27, na bandeji kazi yake ni kuibana iwe kitu kimoja. Ya mtu mzima huwa na urefu wa mita 4 na nusu hivi, mtoto anatosheka na fupi zaidi. Inapita kwenye kifundo cha mkono mara kadhaa, kisha juu ya vifundo vya vidole, kisha kati ya vidole. Ngumi itue kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu mifupa ya nyuma yake imekaa imara. Ile ya kidole cha mwisho na cha pete huchezacheza, na ndiyo inayovunjika zaidi kwa watu wanaopiga ngumi ovyo. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na polepole kwanza, mpaka mkono unyooke wenyewe bila kufikiri.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kuchuliwa kwa mafuta. Kifundo cha kidole cha mwisho kikizama, au mtoto akikunja ngumi kidole kimoja kikapanda juu ya mwenzake, hiyo ni picha ya eksirei siku hiyohiyo. Maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya dole gumba yanahitaji daktari hata kama picha ya kwanza ni safi, kwani mfupa mdogo wa hapo unaweza kuficha ufa kwa siku kadhaa. Ugoko unaouma mahali pamoja palepale, hata usiku akiwa amelala, upumzishwe na upimwe. Na kidonda kwenye kifundo kilichotokana na jino la mtu, hata kiwe kidogo kama tundu la sindano, ni cha kukimbilia hospitali, kwani uchafu wa mdomoni huingia kwenye kiungo na kukiozesha.

Hicho kidonda cha jino ndicho kinachofungua mazungumzo mengine. Wapo wanaopiga gunia kwa sababu wanapenda ndondi, na hao wanahitaji mwalimu. Wazazi wao wajue kwamba mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilipinga kwa pamoja watoto kucheza ndondi, hasa kwa sababu ya vipigo vya kichwa. Gunia halimpigi mtu kichwani, kwa hiyo klabu ipimwe kwa umri inaowaingiza watoto ulingoni. Lakini wapo pia wanaokomaza mikono kwa sababu kuna mtu shuleni anawasubiri njiani. Kijana wa namna hiyo hataacha kwa kunyang'anywa salfeti. Atahamia ukutani, mahali asipoonekana, na kidato cha nne mwezi wa Novemba atashika kalamu kwa mkono uliofungwa plasta.

Kwa hiyo jioni ile, mzazi anapochungulia uani, kabla hajasema lolote kuhusu gunia, amwombe aione mikono yote miwili. Aishike, aangalie vifundo, kisha amuulize anajiandaa kupigana na nani.