Selimundu: ugonjwa wa mtoto mmoja, mzigo wa kaya nzima

Mtoto wa miezi minane analia usiku kucha, viganja na nyayo vimevimba. Mmoja anasema ni meno, mwingine anasema ni jicho la mtu. Huenda ni selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Makadirio yanataja watoto wapatao 11,000 kila mwaka.

Unatoka wapi?

Mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili. Anayerithi upande mmoja tu kwa kawaida haumwi, na hata hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana tatizo hili limeenea sehemu zenye malaria nyingi. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mama anayerudishwa kwao eti "kaleta ugonjwa kwenye ukoo" anaonewa.

Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali yanapoanza. Pia hufa mapema, mtoto akaishiwa damu.

Gharama iko wapi?

Chukua kaya ya Lumuma inayoishi kwa vitunguu. Maumivu hayasubiri mavuno yaishe. Mama analala wodini na mtoto, shamba linakosa mikono. Kuna nauli ya bodaboda, nauli ya basi hadi Kilosa au Morogoro, na chakula cha siku zote hizo. Damu haiuzwi, lakini ndugu wa kuchangia naye anahitaji nauli. Mwishowe vitunguu vinauzwa vikiwa bado ardhini, kwa bei ya dalali. Hakuna risiti ya hospitali inayoonyesha hasara hiyo.

Bima inasaidia wapi?

CHF iliyoboreshwa iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na kwa rufaa ilifika hadi hospitali ya mkoa. Ulikuwa msaada mkubwa, ila haikulipa nauli wala siku za shamba. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwaka huohuo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ni hatua ya kujivunia, lakini inahitaji mchangiaji anayeoana na mtoto, kwa kawaida ndugu yake wa damu.

Kwa walio wengi, nafuu inaanza karibu na nyumbani: kupimwa mapema, dawa ya kuzuia maambukizi kwa watoto wadogo, chandarua, maji ya kutosha, na haidroksiyurea, dawa ya kila siku inayopunguza vipindi vya maumivu. Hapo ndipo tuipime sheria mpya. Kadi ya bima haitoshi kama dawa na kipimo vinafuatwa mjini kila mara.

Mtoto akiumwa hivi mara kwa mara, mwombe mganga wa zahanati kipimo cha selimundu. Mwenye ugonjwa huu akipata homa, akipauka ghafla, akishindwa kupumua vizuri au akilegea upande mmoja, usisubiri asubuhi.