KONA YA KOMPYUTA: Ufunguo usifungiwe ndani ya sanduku

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi wengi wametuletea: "Kwa nini zile kompyuta za kituo cha vijana mmezifunga? Mtoto anahifadhi kazi yake leo, kesho haioni." Swali ni la haki, na sehemu ya kosa ni yetu sisi tunaozitunza. Basi tutaeleza yote, halafu mtuhukumu.

Mnakumbuka hali ya zamani. Jenereta ikizimika ghafla, kompyuta moja au mbili zilikuwa haziwaki tena, sababu umeme ulikatika zikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Watoto nao wanabonyeza hapa na pale, mafaili ya mfumo yanafutika. Kila wiki tulikuwa tunarudia kupanga mashine upya, na vijana wanasubiri nje.

Ndipo tukaamua kwamba programu zote za Linux ziwekwe ndani ya sanduku moja la kusoma tu. Mashine inasoma kilichomo lakini haiwezi kuandika humo. Umeme ukikatika, sanduku halidhuriki, maana hakuna aliyekuwa analiandika. Ukiwasha tena, programu zote ziko kama zilivyokuwa jana.

Sanduku hilo linaitwa SquashFS. Tena limebanwa. Wakubwa mnaifahamu balo ya mitumba: nguo nyingi sana zimekandamizwa mpaka zinakuwa mzigo mmoja. Lakini kuna tofauti. Balo ukikata kamba, nguo zote zinamwagika. SquashFS inabana vifurushi vidogo vidogo, kwa kawaida cha kilobaiti 128 kila kimoja kabla ya kubanwa, na inaweka orodha ya mahali kila kifurushi kilipo. Ukitaka programu moja, inafungua vifurushi vyake tu ndani ya kumbukumbu. Vingine vinabaki vimefungwa. Kwa diski ndogo na za zamani kama zetu, hiyo ni nafuu kubwa.

Kazi hii siyo ngeni. Kabla yake kulikuwa na cramfs, ila ilikuwa finyu: faili moja lilipaswa kuwa chini ya megabaiti 16, na sanduku zima lilizidi megabaiti 256 kidogo tu. Mwaka 2002 Phillip Lougher wa Uingereza akatoa SquashFS. Kwa miaka kadhaa, aliyeitaka ilimbidi aibandike mwenyewe kwenye Linux kama kiraka. Mwezi Machi 2009, toleo la 2.6.29 la Linux likatoka nayo ikiwa ndani. Leo inatumika kwenye sidii na fleshi za kujaribia Linux, na hata kwenye ruta ndogo za intaneti.

Sasa vijana mnaotaka kujifunza, sikilizeni vizuri hapa. Kerneli ni moyo wa mfumo. Ndiyo inayoongea na diski, kibodi na kioo. Lakini kerneli haijui kila kitu. Inajua yale tu uliyoichagulia siku ya kuitengeneza.

Kuchagua ni hivi. Ukiwa ndani ya folda ya kerneli, unaandika make menuconfig. Inafunguka orodha. Unaingia «File systems», halafu «Miscellaneous filesystems», unatafuta mstari wa SquashFS. Mbele ya mstari kuna mabano. Ukiyaacha wazi, kerneli haitaijua SquashFS kabisa. Ukiweka M, ujuzi wake unakaa pembeni kama faili la ziada, yaani moduli, linaloitwa likihitajika. Ukiweka nyota, unaingia ndani ya kerneli yenyewe.

Sisi tuliweka M. Tulifikiri ni vizuri, kerneli itakuwa nyepesi. Tukatengeneza kila kitu, tukakusanyika, tukawasha. Mashine ikaandika kwenye kioo cheusi kwamba imeshindwa kupata mfumo wa mafaili wa kuanzia, ikaganda. Tulihangaika siku mbili. Kumbe lile faili la moduli lilikuwa ndani ya sanduku lenyewe! Kerneli ilihitaji moduli ili ifungue sanduku, na ilihitaji kufungua sanduku ili ipate moduli. Ni kama mtu aliyefunga kufuli huku ufunguo umebaki ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, kama mfumo wako mzima unaanzia ndani ya sanduku, weka nyota. Dereva wa diski iliyobeba sanduku naye umpe nyota. Wako wanaotumia M bila shida, lakini hao wanaandaa initramfs, kifuko kidogo cha kuwashia kinachokaa nje ya sanduku, na moduli zinawekwa humo. Muhimu ni ufunguo uwe nje.

Tukaweka nyota, ikagoma tena. Safari hii ilisema sanduku limebanwa kwa xz, nayo haiijui xz. Kijana wetu mmoja alikuwa amelibana kwa amri hii:

mksquashfs chumba sanduku.sqsh -comp xz

Hakukosea. xz kwa kawaida inabana zaidi ya zlib, ila inachukua muda zaidi kufungua. Kosa ni kwamba chini ya mstari wa SquashFS kuna mistari mingine, mmoja kwa kila njia ya kubana: ZLIB, LZO, XZ, LZ4 na ZSTD, ambayo iliongezwa mwaka 2017. Njia uliyobania ndiyo hiyohiyo uichague kwenye kerneli. Sisi tulirudi kwenye zlib, sababu mashine zetu ni za zamani na tulitaka programu zifunguke upesi.

Kisha likaja lile lililotuumiza. Kwa kuwa sanduku haliandikwi, tuliweka tabaka juu yake kwa kuchagua «Overlay filesystem support», iliyomo kwenye Linux tangu mwaka 2014. Mtu akiandika kitu, kinakaa kwenye tabaka. Lakini tabaka lenyewe tuliliweka kwenye kumbukumbu ya muda, inayofutika mashine ikizimwa. Na hatukumwambia mtu.

Mama mmoja alikuja jioni akaandika barua ya kutafuta ndugu yake waliyepotezana njiani. Aliandika majina ya wazazi, kijiji, na siku waliyoachana. Alibonyeza kuhifadhi, na kompyuta ikamwonyesha kwamba imehifadhi. Kesho yake alirudi aimalizie, akakuta hakuna kitu. Ilimbidi akumbuke yote upya. Tulikaa naye mpaka akamaliza, na tulimwomba radhi. Hapa tunamwomba tena, pamoja na watoto wote waliopoteza kazi zao za shule.

Tumesharekebisha. Sehemu moja ya diski sasa inaandikika, tumeipa jina KABATI. Programu zinabaki ndani ya sanduku, kazi za watu zinakwenda KABATI. Kila anayeingia ana folda yake humo. Hata hivyo diski nayo inaweza kufa, kwa hiyo barua muhimu muinakili kwenye fleshi pia, au muombe tuichape.

Jambo la mwisho kwa mafundi wachanga. Majibu yote uliyochagua kwenye orodha yanahifadhiwa katika faili linaloitwa .config. Linakili, liweke mahali salama. Ukitaka kukagua, andika grep SQUASHFS .config. Mbele ya CONFIG_SQUASHFS ukiona y, ni nyota. Ukiona m, ni moduli. Sisi sasa tunayaandika hata kwenye daftari la kawaida, pamoja na tarehe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayetaka kuona kwa macho, aje kituoni. Mama mwenye barua asiogope. Tutamwonyesha KABATI iko wapi kabla hajaandika neno la kwanza. Kaeni salama, tuonane mwezi ujao.